Spika za magari: Wati za kwenye boksi zinavyolaza mtaji wa wauzaji

WAFANYABIASHARA wa vifaa vya magari wanashauriwa kutonunua mzigo wa spika kwa kuangalia namba ya wati iliyoandikwa kwenye boksi. Namba hiyo ndiyo inayowalaza mtaji wengi wao, na ndiyo inayowarudisha wateja dukani wakiwa wameshika spika zilizoungua.

Biashara ya kubadilisha spika za kiwandani na kuweka nyingine imeota mizizi katika miji mikubwa ya Afrika Mashariki. Jijini Dar es Salaam, mteja akifika Kariakoo anakuta maduka yaliyopanga maboksi hadi darini, na karibu kila boksi limeandikwa wati 200, 300 au hata 500. Mteja asiye na utaalamu huchukua lenye namba kubwa kwa bei ndogo. Muuzaji naye, akiona namba kubwa ndiyo inayotoka, huagiza zaidi ya hizo. Hesabu ya mwisho wa mwezi ndiyo inayoonyesha kama alifanya biashara au alizungusha fedha bure.

SOKO LINATOKA WAPI

Sehemu kubwa ya magari madogo yanayotembea Tanzania na Kenya ni yale yaliyokwisha kutumika Japani. Magari hayo yanaingia na redio zilizotengenezwa kwa ajili ya Wajapani. Kwa miaka mingi matangazo ya FM nchini humo yalikuwa kati ya megahezi 76 na 90, na baadaye yakasogezwa hadi 95, ambapo vituo vya Afrika Mashariki viko kati ya 88 na 108. Matokeo yake ni kwamba gari linafika likiwa na redio inayokamata vituo vichache tu au isiyokamata hata kimoja.

Mwenye gari ana njia mbili. Ya kwanza ni kufunga kifaa kidogo cha kubadilisha masafa, ambacho mafundi hukiita ekspanda. Ya pili ni kung'oa redio nzima na kuweka mpya, ambayo siku hizi mara nyingi ni ile ya skrini. Kwa vyovyote vile, gari linafika kwa fundi na dashibodi inafunguliwa, na hapo ndipo mazungumzo ya spika yanapoanzia. Kwa hiyo soko la spika linafuata soko la redio, na soko la redio linafuata magari yanayoshuka bandarini. Mfanyabiashara anayetaka kujua miezi ijayo itakuwaje hana budi kuangalia meli za magari kabla ya kuangalia maduka ya jirani.

Sababu nyingine ni spika zenyewe. Kiwanda kinachotengeneza magari kwa mamia ya maelfu hubana gharama kwa kila kipande. Ndiyo maana spika nyingi za kiwandani zina karatasi nyepesi, sumaku ndogo na fremu ya plastiki. Baada ya miaka kumi ya jua, mvua inayopenya kwenye kioo cha mlango na hewa ya chumvi ya pwani, karatasi hulegea na sauti hukwaruza. Mteja anayekuja dukani huwa na shida ya kweli, na yuko tayari kulipa ili itatuliwe.

WATI ZA BOKSI NA WATI ZA KWELI

Muuzaji anayejua hesabu moja rahisi ya umeme anaweza kujiokoa na hasara nyingi. Betri ya gari ni ya volti 12, lakini injini ikiwaka volti hupanda hadi kufikia 14.4. Spika nyingi za magari zina ukinzani wa omu 4. Ukizidisha 14.4 kwa 14.4, kisha ukagawanya kwa 4, unapata karibu wati 52. Hapo ndipo linapotoka lile neno "wati 50 mara 4" linaloandikwa usoni mwa redio. Hicho ni kiwango cha juu kabisa, redio ikiwa imefunguliwa hadi sauti imeharibika kabisa na haifai kusikilizwa.

Kwa sauti safi, kiwango hicho kinashuka kwa nusu, kwa vile umeme wa muziki hupanda na kushuka kama wimbi na haukai juu muda wote. Ukiondoa na kinachopotea kwa joto ndani ya redio, kinachobaki ni kati ya wati 15 na 22 kwa kila spika. Hali ni hiyo hata kwa redio ya skrini ya kisasa, mradi haina amplifaya ya pembeni.

Njia nyingine ya kuhakiki ni fyuzi iliyo nyuma ya redio. Ikiwa imeandikwa ampia 10, zidisha kwa 14.4 na utapata wati 144. Hizo ndizo wati zote zinazoweza kuingia kwenye redio kutoka kwenye betri kwa muda mrefu bila fyuzi kukatika. Redio hiyo haiwezi kutoa wati 200 mfululizo, kwa kuwa hakuna kifaa kinachotoa zaidi ya kinachopokea.

Kuna herufi mbili za kuangalia kwenye boksi. RMS ni wati ambazo spika inahimili kwa muda mrefu bila kuungua. PMPO ni namba ya kuvutia wateja tu, na haina kipimo kinachokubaliwa na viwanda vyote, hivyo kila kiwanda kinaweza kuandika kinachopenda. Nchini Marekani, chama cha watengenezaji wa vifaa vya elektroniki kilitoa mwaka 2003 kipimo kiitwacho CEA-2006 kwa ajili ya amplifaya za magari. Kipimo hicho kinataka wati zihesabiwe kwa volti 14.4, ukinzani wa omu 4 na mkwaruzo wa sauti usiozidi asilimia 1. Kampuni hazilazimishwi kukifuata, lakini boksi lenye alama hiyo linampa mnunuzi mahali pa kuanzia.

SPIKA MPYA KULIA CHINI KULIKO YA ZAMANI

Lalamiko moja linawashangaza wauzaji wengi. Mteja anafungiwa spika mpya za "wati 300", kisha anarudi akidai kuwa zinalia chini kuliko zile zilizotoka. Muuzaji hudhani mteja ni mkorofi, kumbe mara nyingi mteja anasema kweli.

Spika ya kiwandani ina karatasi nyepesi, hivyo redio yenye nguvu ndogo inaisukuma bila taabu. Spika nzito iliyotengenezwa kwa ajili ya amplifaya kubwa haisukumiki kirahisi. Kipimo cha jambo hili ni desibeli, na huandikwa kwenye karatasi ya maelezo kama 87, 90 au 92, kwa wati 1 katika umbali wa mita 1. Kila desibeli 3 zinazoongezeka ni sawa na kuongeza nguvu ya redio maradufu. Spika ya desibeli 90 inayopewa wati 20 inalia sawa na spika ya desibeli 87 inayopewa wati 40.

Kwa mteja asiye na amplifaya, ambaye ndiye mteja wa kawaida, namba ya desibeli ina maana zaidi kuliko namba ya wati. Spika ya wati 40 za RMS na desibeli 91 itamridhisha, na ile ya wati 300 za PMPO na desibeli 86 itamrudisha dukani.

Ukinzani nao si wa kupuuzwa. Spika ya omu 2 ikifungwa kwenye redio ya omu 4 inaifanya redio ichemke. Vivyo hivyo kwa fundi anayeunganisha spika nne kwenye waya za spika mbili ili kuongeza kelele. Kwa upande mwingine, magari yenye mfumo wa kiwandani wa gharama, kama vile Bose, mara nyingi hutumia spika za omu chache na amplifaya yake maalumu. Ukiweka humo spika za kawaida za omu 4, sauti hupungua. Gari la namna hiyo lisiguswe kabla ya fundi kupima.

HESABU YA MTAJI

Wauzaji wengi hutetea spika za bei ya chini kwa hoja kwamba zinatoka haraka. Hoja hiyo ina ukweli, lakini ina mpaka wake, na mpaka huo unaonekana kwenye hesabu. Bei zinazofuata ni za mfano tu, wala si bei za soko.

Muuzaji wa kwanza ananunua pea 10 kwa shilingi 30,000 kila moja na kuziuza kwa 45,000. Ametumia 300,000, na faida yake ni 150,000. Muuzaji wa pili ananunua pea 10 bora kwa shilingi 60,000 kila moja na kuziuza kwa 80,000. Ametumia 600,000, na faida yake ni 200,000. Kwa kila shilingi 100 iliyotumika, wa kwanza amepata 50 na wa pili 33. Hadi hapo wa kwanza yuko mbele.

Sasa zihesabiwe zinazorudi. Iwapo kati ya pea za bei ya chini zinarudi 2 na muuzaji anazibadilisha, anatumia 60,000 nyingine. Faida inashuka hadi 90,000 kwa mtaji wa 360,000, yaani asilimia 25. Iwapo zinarudi 3, faida inabaki 60,000 kwa mtaji wa 390,000, yaani asilimia 15 tu. Muuzaji wa pili, hata akirudishiwa pea 1 na kuibadilisha, anabaki na faida ya 140,000 kwa mtaji wa 660,000, ambayo ni asilimia 21.

Kwa mfano huu, spika za bei ya chini zinalipa mradi pea zinazorudi hazizidi 2 katika kila 10. Zikifika 3, biashara imegeuka. Muuzaji asiye na daftari la mali inayorudi hawezi kujua yuko upande gani wa mpaka huo. Daftari lenye tarehe, aina ya spika, gari na sababu ya kurudishwa lingemwonyesha katika miezi michache ni boksi gani la kuagiza tena na lipi la kuacha.

Wapo wanaokwepa hesabu hiyo kwa kubandika tangazo kwamba mali ikiuzwa hairudi. Hasara haiondoki kwa tangazo; inahama tu. Mteja aliyeunguza spika haji tena kununua redio, kamera ya nyuma wala sabufa. Zaidi ya hayo, fundi aliyemleta, ambaye ndiye dalali wa kweli wa biashara hii, anapeleka wateja wake duka la pili.

KUAGIZA MZIGO

Sehemu kubwa ya uzito wa spika ni sumaku. Kwa hiyo kusafirisha kwa ndege, ambako malipo ni kwa kilo, kunakula faida haraka. Mzigo wa meli unaochanganywa kwenye kontena hutozwa kwa ujazo, na hapo spika nzito kwenye boksi dogo inakuwa na nafuu. Ubaya wake ni muda, kwani fedha hukaa baharini kwa wiki kadhaa. Mwenye mtaji mdogo anaweza kulazimika kununua kwa wauzaji wa jumla walioko hapa hapa, akalipa zaidi kwa pea lakini akazungusha fedha mara nyingi zaidi kwa mwaka.

Anayeagiza kutoka Dubai au Guangzhou ana hatari moja kubwa, nayo ni sampuli nzito na mzigo mwepesi. Sampuli anayoonyeshwa ina sumaku kamili. Mzigo unaofika una sumaku ndogo iliyofunikwa kwa kava pana la plastiki au mpira ili ionekane kubwa. Kinga yake ni mizani. Sampuli ipimwe uzito, uzito uandikwe kwenye oda, na maboksi machache yapimwe kabla ya malipo ya mwisho kutolewa.

Kipimo cha pili ni cha mita ya umeme. Spika nzima ya omu 4 husoma kati ya 3 na 4 kidogo kasoro. Ikisoma sifuri au isiposoma kabisa, koili imekufa. Kipimo cha tatu ni cha vidole. Karatasi ikisukumwa taratibu kwa vidole vya pande mbili, inatakiwa iende na kurudi bila kukwaruza. Ikikwaruza, koili inagusa sumaku na haitadumu.

Pembeni mwa karatasi pia paangaliwe. Ukingo wa sponji huoza upesi kwenye joto na unyevu wa pwani, wakati ukingo wa mpira hudumu. Angalizo hili linawahusu hasa wanaouza spika za mtumba zilizong'olewa kwenye magari ya Japani. Spika hizo zina wateja waaminifu, na nyingine ni bora kuliko mpya za bei ya chini, lakini sponji iliyokauka huvunjika wiki chache baada ya kufungwa.

BIDHAA NDOGO ZINAZOTOKA HARAKA

Muuzaji mwenye nafasi ndogo ya duka anavutiwa na sabufa na amplifaya kubwa kwa sababu zinapendeza kwenye rafu. Ni bidhaa za wateja wachache, na kila moja inalaza fedha nyingi. Mali inayotoka ni spika za milangoni. Toyota nyingi za Japani hutumia ukubwa wa sentimita 16 kwenye milango ya mbele, na zipo pia za sentimita 10 na 13, pamoja na zile za yai za inchi 6 kwa 9 zinazowekwa nyuma ya viti.

Pamoja na spika, kuna vitu vidogo ambavyo wauzaji wengi wanavisahau. Cha kwanza ni pete ya mbao au plastiki ya kuinua spika. Spika ya kiwandani mara nyingi imeungana na pete yake, hivyo ikitoka inaacha tundu lisiloshika spika mpya. Pete hiyo pia huiweka sumaku mbali na kioo kinaposhuka. Cha pili ni soketi za waya zinazoingia kwenye soketi ya gari bila kukata. Gari lisilokatwa waya ni rahisi kurudishwa lilivyokuwa siku ya kuuzwa. Cha tatu ni karatasi ya lami yenye gundi inayobandikwa kwenye bati la mlango ili lisitetemeke.

Karatasi hiyo ya lami ina faida ambayo mteja anaisikia mwenyewe. Mlango wa gari ni bati lenye matundu. Sauti inayotoka nyuma ya spika ikipita kwenye matundu na kukutana na ile ya mbele, besi inapotea. Matundu yakizibwa na spika ikikaa bila mwanya, hata spika ya bei ya wastani inapiga mdundo mzito. Fundi anayefanya kazi hiyo vizuri anaifanya mali ya muuzaji ionekane bora kuliko ilivyo.

Kinyume chake pia ni kweli. Fundi akigeuza waya wa spika moja, chanya ikawa hasi, spika mbili zinapingana na besi inakufa. Mteja atalaumu spika. Kipimo chake ni betri ndogo ya volti 1.5. Chanya ikigusa chanya, karatasi husogea nje. Muuzaji anayempima fundi wake kwa mambo haya kabla ya kumpa wateja anapunguza mali inayorudi bila kutumia hata senti.

MAJINA MAKUBWA NA MALI BANDIA

Majina maarufu yana thamani, na ndiyo maana yanaghushiwa. Mwaka 2008 kampuni za JVC na Kenwood za Japani ziliungana. Mwaka 2017 Samsung ya Korea Kusini ilikamilisha ununuzi wa Harman ya Marekani, yenye majina ya JBL na Infinity, kwa takriban dola bilioni 8. Kampuni inayotoa fedha nyingi namna hiyo inanunua pia imani ya wateja, na mwenye kiwanda cha uchochoroni anataka kuipata imani hiyo bila kulipa.

Nchini Tanzania, Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963 inakataza kuuza mali yenye alama ya kughushi, na Shirika la Viwango (TBS) lina utaratibu wa kukagua bidhaa kabla hazijasafirishwa kuja nchini. Mfanyabiashara anayekamatwa na mzigo wa bandia anapoteza mzigo wote, hata kama aliuziwa bila kujua. Kutunza risiti na hati za forodha za kila oda ni bima isiyo na malipo. Jina lisilojulikana lenye maelezo ya kweli ni salama kuliko jina kubwa lililoghushiwa.

KWA ANAYEINGIA SASA

Anayetaka kuanza biashara hii kwa mtaji mdogo anaweza kuanza na aina mbili au tatu tu za spika za milangoni, zenye omu 4, desibeli 90 au zaidi, ukingo wa mpira na RMS iliyoandikwa wazi. Aongeze pete, soketi na karatasi za lami, kisha atafute fundi mmoja anayeaminika kabla ya kutafuta fremu ya duka. Mchanganuo huo unamwacha na fedha mkononi za kuongeza mzigo wa aina itakayotoka.

Sabufa na amplifaya zinaweza kusubiri hadi wateja waziulize wenyewe. Wakati huo daftari la mali inayorudi litakuwa limekwisha jaa kurasa kadhaa, na litamwonyesha mwenye duka ni nani kati ya wanaomletea mzigo anayestahili oda ya pili.